Wodi ya Watoto: Rangi, Dirisha na Mchezo Vinavyosaidia Tiba

Mtoto mgonjwa haendi hospitalini kwa hiari yake. Hubebwa mgongoni, kwa bodaboda au kwa boti kutoka Mfangano, na anapofika hukutana na watu asiowajua, harufu ya dawa na sindano. Akishaogopa hulia, hutema dawa na kukataa chakula.

Wazazi wengi huona kilio hicho kuwa jambo la kawaida. Kwa mhudumu wa afya, kilio kinaweza kuvuruga vipimo. Mfano ni nimonia. Ili kuitambua, mhudumu huhesabu mara ambazo mtoto anapumua kwa dakika nzima. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, kiwango ni mara 40 au zaidi. Hesabu hiyo inahitaji mtoto aliyetulia, kwa kuwa kulia peke yake huongeza kasi ya pumzi.

Ndiyo maana mpangilio wa wodi ya watoto ni suala la matibabu. Chumba kinachomtuliza mtoto humrahisishia daktari kazi na humsaidia mtoto kupokea tiba.

Kwa nini jambo hili linazigusa Migori na Homa Bay

Kaunti hizi mbili ziko katika ukanda wa ziwa ambako malaria huambukiza mwaka mzima. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa nchini Kenya Septemba 13, 2019, uzinduzi ulifanyika Homa Bay, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizoanza kuitoa. Chanjo hiyo ina dozi nne, kwa hiyo mzazi lazima amrudishe mtoto kliniki tena na tena.

Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, pia huwapata watoto wengi katika eneo hili. Mtoto mwenye selimundu huhudhuria kliniki kwa miaka mingi, na anaweza kulazwa mara kwa mara kwa sababu ya maumivu makali ya mifupa na viungo. Kwake, wodi ni kama nyumba ya pili. Inafaa iwe mahali asipopaogopa.

Mchezo kama sehemu ya matibabu

Mwongozo wa WHO wa kutibu utapiamlo mkali una hatua kumi. Miongoni mwake, pamoja na kuzuia sukari ya damu kushuka, kumpa mtoto joto na kutibu maambukizi, ipo hatua ya kumchangamsha mtoto na kumpa upendo. Mwongozo unapendekeza mchezo uliopangwa wa dakika 15 hadi 30 kila siku, katika mazingira ya furaha, mama akishirikishwa. Sababu ni kwamba utapiamlo mkali huchelewesha ukuaji wa akili pamoja na ukuaji wa mwili, na chakula peke yake hakitoshi kurudisha kilichopotea.

Vifaa vyake si vya bei ghali. WHO yenyewe inapendekeza vitu vya kutengeneza nyumbani: vifuniko vya chupa vya kupanga na kudumbukiza kwenye mkebe, chupa safi ya plastiki yenye vitu vya rangi ndani ya kutikisa, mkebe wa kupigwa kama ngoma, na mwanasesere wa kitambaa. La kuzingatia ni kwamba mkebe usiwe na makali, na kifuniko kisiachwe mikononi mwa mtoto mdogo anayeweza kukimeza.

Hapa nchini upo mfano wa kuigwa. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, Kituo cha Watoto cha Sally Test huwapa watoto waliolazwa nafasi ya kucheza, kuchora na kusoma wakati matibabu yakiendelea.

Hewa, mwanga na joto

Kabla ya kununua rangi, hospitali huangalia madirisha. Hewa inayopita hupunguza hatari ya kuambukizana magonjwa kama kifua kikuu na surua. Katika Hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, vitanda vimepangwa katikati ya wodi vikitazama madirisha makubwa, na njia za kupita ziko nje ya jengo ili wagonjwa wasisongamane katika korido zilizofungwa. Mgonjwa akiwa amelala huona milima badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake.

Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mjini Entebbe nchini Uganda, kuna hospitali ya upasuaji wa watoto iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2021. Ilisanifiwa na Mwitaliano Renzo Piano. Kuta zake ni za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa papo hapo, na unene wake husaidia kuzuia joto la nje. Wodi zinatazama bustani na ziwa.

Utafiti mmoja unaotajwa sana ni wa Roger Ulrich wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1984. Alilinganisha rekodi za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu kwa kiwango kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa hao walikuwa watu wazima, lakini somo kwa hospitali zetu ni rahisi: mti wa kivuli uliopandwa mbele ya dirisha la wodi una faida.

Tahadhari ni moja. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupoteza joto haraka, na baridi inaweza kumletea mtoto wa selimundu maumivu. Kwa hiyo vitanda vya watoto hawa huwekwa mbali na upepo wa moja kwa moja, na madirisha yawe ya kufungika. Wavu wa kuzuia mbu na chandarua juu ya kila kitanda havikosi.

Michoro inayosema lugha ya mtoto

Mtoto wa Nyatike au Mbita hutulia zaidi akiona ukutani kitu anachokijua: mashua yenye tanga, ngege na mbuta, kuku wa nyumbani, kuta za mawe za Thimlich Ohinga, au wanyama wa Ruma. Picha husaidia pia kuelekeza. Wanaofika hospitalini huzungumza Kijaluo, Kikuria, Kisuba, Kiswahili na lugha nyingine, na si wote wanaosoma. Mama akiambiwa "fuata samaki hadi maabara, fuata ndege hadi duka la dawa", hapotei.

Picha zichorwe chini, usawa wa macho ya mtoto. Rangi iwe ya kuoshwa kwa maji na sabuni bila kubanduka, na isiwe na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Viwango vya Kenya haviruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi. Mnunuzi aangalie alama ya KEBS kwenye mkebe.

Kitanda kibaki mahali salama

Hospitali nyingi za watoto hutenga chumba kidogo cha kuchomea sindano na kutolea damu, ili mtoto ajue kwamba kitandani haumizwi. Pale inapowezekana, mtoto hukalishwa mapajani mwa mama akiwa amekumbatiwa badala ya kulazwa chali na kushikwa kwa nguvu. Mama naye anahitaji mahali pa kukaa na kulala, pa kunawa na pa kufulia, kwa kuwa yeye ndiye anayemlisha mtoto na kumbembeleza usiku kucha.

Usafi hauna mjadala. Vinyago vya plastiki huoshwa na kutiwa dawa kila vinapotumiwa. Vya kitambaa havizungushwi kati ya watoto. Mtoto huondoka na chake. Mtoto mwenye ugonjwa wa kuambukiza huchezea kitandani kwake.

Nafasi ya mwananchi

Chini ya Katiba ya 2010, hospitali za kaunti ni jukumu la serikali za kaunti, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatambua haki ya kucheza katika kifungu cha 31. Aidha, Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 inaruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia kuboresha huduma.

Wakazi wana nafasi ya kusema wanachotaka. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo hufanyika vikao vya kushirikisha umma. Mzazi anayehudhuria aseme jambo mahususi, kwa mfano: wodi fulani haina wavu dirishani, mama hawana mahali pa kulala, au hakuna kona ya mchezo. Ombi lililotajwa kwa jina la kituo ni rahisi kuwekwa kwenye bajeti na kufuatiliwa.

Wasiosubiri bajeti wanaweza kuanza na kidogo. Vikundi vya akina mama, shule na mafundi wa rangi wamwone kwanza muuguzi msimamizi wa wodi, ili awaeleze ni vifaa gani vinakubalika na saa gani watoto wanaweza kutembelewa.