Damu Inayomzuia Mdudu wa Malaria

Kila mzazi aliyelea watoto pwani au kando ya Ziwa Victoria amepata kuliona jambo hili. Watoto wawili wa nyumba moja huumwa na mbu wale wale. Mmoja hupata homa siku mbili akapona, na mwenziwe hushikwa na degedege, huzimia, pengine hufa. Wengi hutafuta sababu kwa jirani au kwa mganga. Yafaa ijulikane kwamba sehemu ya sababu hiyo imo katika damu yenyewe, na wataalamu wamekwisha kuiona.

Malaria huletwa na vijidudu viingiavyo mwilini mbu jike wa anofelesi aumapo. Kwanza hukaa katika ini, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaana humo, huzipasua, na kuziingia nyingine. Homa na kutetemeka hutokea wakati wa kupasuka huko. Basi chembe nyekundu ndiyo nyumba ya kijidudu. Nyumba ikibadilika, mgeni hupata taabu.

Katika mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa, mahali penye malaria nyingi, watu wengi walikuwa na urithi wa selimundu, yaani chembe za damu ziwezazo kupindika kama mundu wa kukatia majani. Katika nchi za baridi za milimani watu wa namna hiyo walikuwa wachache. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake: mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali.

Je, chembe hiyo ina nini? Mwaka 1949 huo huo, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kichukuacho hewa safi katika damu, si sawa na ya watu wengine. Baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, aliigundua tofauti yenyewe. Hemoglobini ni kama minyororo iliyosokotana. Katika mnyororo mmoja wenye viungo 146, kiungo cha sita tu kimebadilishwa. Kwa ajili ya kiungo hicho kimoja kijidudu hushindwa kukua vizuri, na wengu huziondoa upesi chembe alimoingia.

Lakini ngao hii ina gharama yake. Mtoto akirithi selimundu kwa baba na kwa mama pia, hapati ngao bali ugonjwa: maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, na maambukizo ya mara kwa mara. Kwake yeye malaria ni hatari kubwa. Wazazi wote wawili wakiwa na urithi huo, ingawa wenyewe ni wazima, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Wala mtu asidhani kwamba akizaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa salama. Hesabu huanza upya kila mara. Tena kosa si la mama peke yake, wala si uchawi.

Uchunguzi haukuishia hapo. Huko Kilifi wataalamu waliwachunguza watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu. Mwaka 2020 walieleza kwamba ngozi nyembamba ya chembe za damu hiyo imekazwa sana, mfano wa ngoma iliyowambwa vizuri, hata kijidudu hushindwa kupenya. Faida ya kujua haya ni kubwa, maana aliyekwisha kuuona mlango ufungwavyo aweza kutafuta dawa au chanjo ya kuufunga kwa watu wote.

Wakati huo haujafika, na hakuna damu imzuiayo mdudu kabisa. Kwa hiyo kila mtu na alale ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali siku ile ile, na dawa alizopewa azimalize. Vijana wanaotaka kuoana na wapimwe damu kwanza, si ili wakatazwe, bali wajue. Na mtoto ambaye mikono na miguu yake huvimba na kuuma, au macho yake huwa manjano mara kwa mara, apimwe selimundu mapema. Akitunzwa vema na madaktari aweza kukua, kusoma, na kuwafaa wazazi wake.