Deni la ada ya ardhi ya kaunti: pa kuanzia ukiwa umechelewa

Kama una nyumba au ploti mjini na hujalipa ada ya ardhi miaka kadhaa, kinachokumaliza ni riba. Nairobi kwa miaka mingi imetoza asilimia 3 kila mwezi. Hiyo inamaanisha deni la shilingi 20,000 linaongezeka shilingi 600 kwa mwezi, 7,200 kwa mwaka, hata kama hati bado iko kwa jina la marehemu mzazi wako.

Omba kaunti taarifa ya deni kwa nambari ya ploti, uone deni lenyewe ni ngapi na riba ni ngapi. Kaunti zikitangaza msamaha, kwa kawaida husamehe riba na faini peke yake, tena kwa muda mfupi. Kwa hivyo weka akiba ukilenga lile deni lenyewe.

Hakuna msamaha sasa? Usingoje tu. Nenda ofisi ya mapato ya kaunti uombe kulipa kwa awamu, na mkikubaliana, iwe kwa maandishi.

Na mkopo wa simu je? Tuko kwa hii biashara, lakini tutakwambia ukweli: ukitozwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi, umehamisha deni tu, na sasa ni ghali zaidi.

Ukilipa, hakikisha nambari ya akaunti uliyoweka iko sawa. Usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi, hata akijiita afisa wa kaunti. Hifadhi ujumbe wa malipo, kisha uitishe cheti cha kuonyesha huna deni. Siku ukitaka kuuza au kuhamisha ploti, utaulizwa hicho cheti.