Mahojiano ya kazi: Ushahidi hushinda undugu

MJI wa Eldoret ulipopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, vijana wengi walipata matumaini ya ajira. Hata hivyo, wanaosaka kazi bado ni wengi kuliko nafasi zilizopo, na kila mwaka vyuo vikuu vya Moi na Eldoret huwaongeza wengine. Ndiposa anayebahatika kuitwa kwa mahojiano hana budi kuitumia vyema nafasi hiyo, kwani huenda isirudi upesi.

Maandalizi huanza na tangazo la kazi. Kila sifa iliyotajwa humo ni swali litakaloulizwa. Mwombaji mwerevu huziandika sifa hizo moja baada ya nyingine, kisha kando ya kila moja akaandika tukio linalothibitisha kwamba anayo.

Siku yenyewe ikiwadia, anayetoka Iten, Turbo au Burnt Forest aondoke mapema, akikumbuka msongamano wa magari katika Barabara ya Uganda. Asubuhi za Eldoret ni za baridi, lakini jaketi zito livuliwe na simu izimwe kabla ya kuingia chumbani. Nguo si lazima ziwe ghali. Muhimu ni ziwe safi na za heshima.

Katika nyumba nyingi, kijana hufunzwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Mbele ya jopo, adabu hiyo yaweza kudhaniwa kuwa woga au ujanja. Amtazame kwa utulivu aliyeuliza, asikilize swali hadi mwisho, na asione haya kuomba lirudiwe.

Kishawishi kikubwa zaidi ni cha undugu. Mwombaji akisikia jina la mmoja wa wasaili na kutambua ni wa jamii yake, huenda akaingiwa na hamu ya kumsalimu kwa lugha ya mama. Asithubutu. Huwatenga wasaili wengine papo hapo, na kumtia msaili huyo katika hali ya kushukiwa. Katika eneo lililoonja uchungu wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, jambo hilo si dogo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hutaka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasio wa jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti. Aidha, matangazo mengi huonya kwamba atakayetafuta upendeleo ataondolewa.

Kinachosaidia ni ushahidi. Akiombwa ajieleze, mwombaji asianze na kijiji alikozaliwa wala idadi ya ndugu zake. Kusema "mimi ni mchapakazi mwaminifu" pia hakutoshi, maana kila mmoja husema hivyo. Tuseme anaomba kazi ya karani wa ghala la mahindi. Aeleze jinsi alivyopima unyevu wa nafaka, akakataa magunia yaliyozidi kiwango cha asilimia 13.5 ingawa mwenyewe alimsihi, na namna alivyolizuia ghala kupata hasara. Kisa kama hicho hukaa akilini mwa jopo.

Asichokijua akiri hakijui, kisha aeleze angekitafutia jibu wapi. Uongo una gharama: Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umefichua vyeti ghushi 2,067.

Je, akiulizwa kabila lake, au kama ni mjamzito? Kifungu cha 27 cha Katiba na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hupiga marufuku ubaguzi wa aina hiyo. Hata hivyo, ghadhabu haimfai mwombaji. Anaweza kujibu kwa upole kwamba angependa kueleza jinsi atakavyoitekeleza kazi hiyo, kisha akarejea kwenye sifa zake. Vilevile, tangu marekebisho ya 2022, mwajiri hapaswi kudai vyeti vya uadilifu na vya ulipaji kodi kabla hajakusudia kumpa mwombaji mkataba. Na anayedai pesa ili mtu aitwe kwa mahojiano ni tapeli, akimbiwe.

Swali la mshahara lisimshtue. Aulizie mapema viwango vya kazi kama hiyo, ataje kiasi cha chini na cha juu, na aeleze sababu. Jopo likimpa nafasi ya kuuliza, aulize kuhusu majukumu ya miezi ya mwanzo, kisha ashukuru na kuondoka bila kurefusha maneno.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika chumba cha mahojiano, chema pia huhitaji kuonyeshwa. Kijana asiye na mjomba ofisini hana budi kukionyesha kwa yale aliyoyatenda.