Matete ya Makongolosi na siri ya zebaki

Kutoka Chunya mjini hadi Makongolosi ni kilomita 39, siku hizi za lami. Mlio wa makarasha yanayosaga mawe utakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Karibu na karasha hakukosi mwalo: ubao ulioinama, juu yake magunia, na maji yanayoteremka na unga wa mawe. Dhahabu kwa uzito wake hunasa kwenye nyuzi za magunia. Kinachopita, ambacho wachimbaji hukiita marudio, huishia shimoni, tope zito la rangi ya saruji mbichi. Na pale tope linapokaa na unyevu mwaka mzima, ukingoni huota kitu ambacho hakuna aliyekipanda wala anayekipalilia: matete.

Ni matete hayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo, si dhahabu. Habari za dhahabu ya Lupa, yaani eneo hili la Chunya, zimeandikwa tangu wachimbaji walipomiminika huku katika miaka ya 1920, na migodi kama Saza ikaja baadaye. Habari za maji yake zimeandikwa kidogo mno.

Mchimbaji mdogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Anamwaga zebaki kwenye beseni la mchanga mzito uliokung'utwa kutoka kwenye magunia, anakanda kwa mkono, inatokea donge la rangi ya fedha. Donge linachomwa motoni, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Ile iliyopaa hushuka mahali fulani, na ile iliyoponyoka kwenye beseni huenda na marudio.

Tupige hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Kijiko kimoja cha chai cha zebaki kina uzito wa gramu 68 hivi. Kama kingeweza kuyeyuka chote, kingetosha kufikisha kwenye kikomo hicho lita zaidi ya milioni 11.

Ila hakiyeyuki chote, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Zebaki huzama, hujificha kwenye tope, hutembea kidogo kidogo pamoja na vumbi la mawe mto wa karibu unapofurika. Mtu akija Agosti na chupa yake, akachota, akapeleka maabara, anaweza kurudi na karatasi inayosema maji ni salama. Karatasi haijadanganya. Imesema habari za chupa moja ya siku moja.

Mmea haujui siku moja. Mizizi ya tete au ya ndago hukaa ndani ya tope miezi na miezi ikinywa kilichopo. Mashina ya matete yana uwazi ndani, na kwa njia hiyo mmea hupeleka hewa hadi mizizini. Hewa hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni huzaa utando wa kutu kuizunguka mizizi, na utando huo hunasa metali nyingine. Sehemu kubwa ya metali hubaki huko chini, kidogo hupanda majanini. Kwa hiyo anayetaka kujua mto umebeba nini asikate majani ya juu kwa kuwa yako karibu na mkono. Ang'oe, aoshe, apime mizizi, tena ya sehemu kadhaa: juu ya mwalo, chini yake, na kilomita kadhaa mbele. Tofauti ya namba hizo itaonyesha sumu inaanzia wapi.

Ushahidi wa namna hii si mgeni nchini. Mwaka 2002 mtafiti Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na Akagi kutoka Japani, alichapisha utafiti wa machimbo ya kanda ya Ziwa Victoria. Walichopima ni laikeni, vile viraka vya kijivu vinavyoota kwenye magome ya miti, na vilikuwa vimetunza zebaki iliyopaa kutoka kwenye moto wa wachomaji. Maabara za nje nazo zina kipimo kinachotumia lemna, mmea unaoelea ambao jani lake ni dogo kama punje. Unauweka kwenye maji unayoyashuku kwa siku 7, unahesabu majani. Yakigoma kuongezeka au yakawa manjano, maji yana neno. Hata shule ya sekondari yenye ndoo na subira inaweza kuiga wazo hilo, ingawa jawabu lake litakuwa la ndiyo au hapana tu, bila kuitaja sumu yenyewe.

Kupima, basi, mimea inaweza. Kusafisha ni kesi nyingine.

Kwa sayanaidi habari ni njema. Marudio ya mialo huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua, nao huyaloweka kwenye sayanaidi ili kupata dhahabu iliyosalia. Jua huivunja sayanaidi, bakteria pia, na mimea mingi ina uwezo wa kuigeuza kuwa chakula chake cha naitrojeni. Hilo lisimshangaze yeyote aliyewahi kuloweka mihogo michungu: mhogo hubeba sumu ya ukoo uleule na haufi. Mabwawa ya kokoto na matete ya kusafishia maji nayo tunayajua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyajenga tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na moja lilijengwa Chuo cha Ualimu Kleruu, Iringa, kwa ajili ya majitaka.

Zebaki haivunjiki. Utaihamisha tu. Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa mabwawa ya matete hulipitia haraka: tope lililotuama lisilo na hewa ndiyo nyumba ya bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa ile ya methili, inayopanda kutoka kwa kidudu hadi samaki hadi sahani. Ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, kwa ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Bwawa lililojengwa kwa nia njema chini ya mwalo wa zebaki linaweza kuwa chungu cha kupikia sumu kali kuliko iliyoingia. Na marudio yenye zebaki yakitiwa sayanaidi, zebaki iliyokuwa imelala huamka na kusafiri na maji. Ndiyo maana mimi ningeyapa matete kazi ya shahidi kwanza. Kazi ya kufagia ianzie kwenye beseni: ritoti ya kunasia mvuke, na marudio ya zebaki yasikanyage mtambo wa sayanaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na kituo cha mfano cha uchenjuaji kipo Itumbi, humuhumu Chunya.

Kuna atakayesema tulete gugumaji, maana ndilo lililosifiwa kwenye tafiti kwa kunasa metali. Naomba asilete. Waulizeni wavuvi wa Ziwa Victoria lilivyowasumbua. Ziwa Rukwa, ambako maji ya Lupa huishia, halina mto unaotoka. Kinachoingia humo, mmea au metali, hakina njia ya kutokea.

Na matete yenyewe yakishainywa zebaki, yaende wapi? Ukiyachoma, zebaki inarudi hewani. Ukiyaoza kuwa mbolea, inarudi shambani. Yanatakiwa kuzikwa mahali pasipopitisha maji, kama topesumu nyingine yoyote. Wakati huohuo, kila kiangazi, matete hukatwa kwa kujengea ua, kufuma mikeka na kuwashia moto, na mnunuzi huangalia kama yamenyooka na kukauka. Yaliota chini ya mwalo wa nani, hilo halimo kwenye mapatano ya bei.