Safari ya Kwenda Kutazama Hoki ya Barafu: Yafahamu Haya Kabla ya Kulipa

Mwezi Oktoba, minada ya korosho inapoanza kuleta fedha mkoani Mtwara, msimu wa ligi ya hoki ya barafu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, nao huwa unaendelea. Mwenye fedha mkononi hushawishika upesi kununua safari ya nje. Tumeandaa maelezo haya ili mlaji afurahie safari yake, wala asirudi na majuto.

Si lazima kuvuka bahari

Hoki ya barafu huchezwa na wachezaji sita kila upande, akiwamo mlinda mlango, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Jirani zetu wa Kenya wanayo timu, Ice Lions, iliyokulia katika uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Uwanja huo ni mdogo kuliko ile ya kimataifa. Kabla ya kukata tiketi, piga simu uhakikishe kwamba uwanja uko wazi na kwamba mchezo umepangwa siku hiyo.

Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Anahitaji hati halali ya kusafiria. Kwenda Kanada ni lazima kupata viza, na ada ya maombi hairudishwi maombi yakikataliwa. Kwa hiyo, pata pasipoti kwanza, kisha viza, ndipo ununue tiketi. Anayekuahidi viza ya uhakika anauza kitu asichokuwa nacho.

Tiketi mbili ni mikataba miwili

Tiketi ya mchezo ni mkataba na mwandaaji. Tiketi ya ndege ni mkataba na shirika la ndege. Mchezo ukiahirishwa, shirika la ndege halilazimiki kukurudishia nauli kwa sababu hiyo. Soma masharti ya kubadili tarehe kabla ya kulipa.

Vivyo hivyo, ukinunua tiketi ya Mtwara hadi Dar es Salaam peke yake, na ya kuendelea mbele peke yake, ucheleweshaji wa ndege ya kwanza kwa kawaida hauilazimishi ya pili kukubeba bila malipo mapya. Omba safari yote iwe katika tiketi moja. Ikishindikana, fika Dar es Salaam siku moja kabla.

Mzigo ukiharibika au kuchelewa

Tanzania na Kenya ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kwa safari ya ndege ya kimataifa, toa malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika, au siku 21 tangu kukabidhiwa mzigo uliochelewa. Muda huo ukipita, haki ya kudai hupotea.

Ukidhulumiwa

Anza kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Asipokuridhisha, masuala ya ndege yapeleke TCAA, ya mabasi LATRA, na ya matangazo ya udanganyifu Tume ya Ushindani, FCC. Tunza risiti, tiketi na ujumbe wote wa simu. Malipo yasiyo na risiti ni vigumu kuyadai, hata kama haki ni yako.