Seng'enge ya Jirani Mwenye Ardhi Kubwa

LEO tumeona tuzungumzie kadhia ambayo wakazi wa mjini huenda wakaiona ndogo, ilhali kwa ndugu zetu wafugaji ni kadhia ya riziki, na mara nyingine ya damu. Nayo ni uzio wa mpakani, hasa pale mwenye uzio anapokuwa na ardhi ambayo jicho halifiki mwisho wake, na jirani yake ana ng'ombe sitini na malisho yasiyowatosha.

Tunaizungumzia kwa sababu ilitufika mlangoni, na ilipotufika mara ya kwanza hatukuitendea haki.

Miaka michache iliyopita, baada ya Sala ya Ijumaa, mzee mmoja mfugaji wa wilaya mojawapo ya mkoa wa Tanga alitusubiri barazani mwa msikiti. Alitueleza kwamba shamba kubwa linalopakana naye, ambalo zamani lilikuwa la mkonge, limepata mwenyewe mpya anayefuga ng'ombe wa nyama. Huyo mpya amezungusha seng'enge ya nyuzi tano. Uzio umepita upande wa pili wa minyaa iliyopandwa na marehemu baba yake mzee kuwa alama ya mpaka, na umeifunga njia ambayo ng'ombe wa kijiji walikuwa wakipita kwenda mtoni. Sasa ng'ombe huzunguka kiasi cha kilomita tisa kuyafikia maji. Mtamba wake mmoja alikuwa amechanwa na waya pajani na kidonda kimeingia funza. Vijana wake wanasema watauvunja uzio huo usiku.

Tulimjibu nini? Tulimsomea fadhila za subira na haki za jirani, tukamuombea dua, naye akatushukuru na kuondoka. Hatukumuuliza hata mpaka wake unaanzia wapi. Wiki ya tatu yake vijana walikata waya kwa koleo sehemu nne, mifugo ya pande mbili ikachanganyika, walinzi wa shamba wakaswaga ng'ombe kumi na mmoja wa mzee wakawafungia, na kijana wake mmoja akalala mahabusu siku kumi na nne. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tulimpa mwenye kiu mawaidha ya kiu.

Dini yetu haikuiacha kadhia hii kwenye mawaidha tu. Imeiwekea hukumu. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) amemtaja katika waliolaaniwa mtu anayebadilisha alama za ardhi. Na wamepokea Bukhari na Muslim kwamba anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Tuangalie kipimo kilichotajwa: shibiri, si ekari. Mwenye ekari elfu tano anayesogeza nguzo zake hatua kumi kwa kudhani kwamba hatua kumi si kitu, huyo ndiye anayezungumziwa.

Wala tusikimbilie kudhani kwamba kila mdogo ni mwenye haki. Mpokezi wa Hadithi hiyo ya ardhi saba ni Sahaba Said bin Zayd (R.A.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Naye aliisimulia akiwa ameshtakiwa mbele ya Marwan, gavana wa Madina, na mwanamke aliyeitwa Arwa, aliyedai kuwa Said amemega ardhi yake. Said aliuliza vipi atathubutu kufanya hivyo baada ya kuyasikia maneno yale ya Mtume. Kisha akaacha kubishana, akamwachia ardhi, na akamuomba Mwenyezi Mungu ampofue na amfishe katika ardhi hiyo ikiwa anasema uongo. Imepokewa kuwa mama yule alipofuka, na siku moja alipokuwa akitembea katika ardhi ile ile akatumbukia shimoni na kufa humo. Mdai anaweza kuwa dhaifu na akawa mwongo.

Hata hivyo mpaka ni nusu moja tu ya kadhia. Nusu ya pili ni njia, maji na majani, na hapa ndipo wenye ardhi kubwa hughafilika, kwa kuwa hudhani kwamba hati ikiwa sahihi basi maneno yamekwisha. Mfano bora tunaoujua ni wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alitenga malisho ya hifadhi, yanayoitwa hima, kwa ajili ya mifugo ya umma, na akamweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, awe mlinzi. Wasia aliompa umo katika Sahihi Bukhari. Alimwamuru awe mpole kwa watu na aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini awe mwangalifu na makundi ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan.

Hebu tuzingatie ni nani waliozuiwa. Hawakuwa wezi wala wanafiki. Ni Masahaba wakubwa, matajiri waliotoa mali zao katika njia ya Allah. Sababu aliyoitoa Umar ilikuwa ya hesabu wala si ya chuki: hao wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama mwenye kikundi kidogo, kikifa, atamjia yeye pamoja na watoto wake akiomba, na Umar hataweza kumwacha. Kwa hiyo majani na maji leo yatamgharimu kidogo kuliko dhahabu na fedha kesho.

Khalifa huyo huyo aliletewa shauri lingine, analolisimulia Imam Malik katika Muwatta. Dhahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama. Muhammad akakataa, ingawa mfereji ungemfaa naye pia, angenywesha mwanzo na mwisho, na usingemdhuru. Umar alimwita, akamsihi, na alipokataa kwa kiapo, akaapa naye kwamba maji yatapita hata kama ni juu ya tumbo lake. Yakapita. Mafakihi wamekhitalifiana kama hukumu ile ni ya lazima kwa kila kadhi au ilikuwa ijtihadi ya Umar, na sisi hatutaki kuwaficha wasomaji khitilafu hiyo. Lakini hakuna aliyesema kwamba kumzuilia jirani jambo linalomfaa na lisilokudhuru ni tabia ya kusifiwa.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya Bara Arabu ya kale, kabla ya waya wa miiba. Basi na tuangalie yaliyotokea waya huo ulipovumbuliwa. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois huko Marekani, alipata hataza ya seng'enge yake mwaka 1874. Haukupita muda wenye ranchi kubwa za Texas wakazungushia malisho ambayo hapo awali yalikuwa wazi kwa kila mwenye ng'ombe. Wengine walizungushia ardhi yao tu. Wengine walizungushia ardhi ya umma, barabara, visima, hata viwanja vya wafugaji wadogo waliojikuta wamo ndani ya uzio wa mtu mwingine. Ulipokuja ukame wa mwaka 1883, watu walitoka usiku kwa makundi kukata waya, na fitina hiyo ikaenea katika zaidi ya nusu ya wilaya za jimbo. Watu waliuawa, na hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 20.

Gavana John Ireland aliliita bunge la jimbo kwa kikao maalumu Januari 1884. Sheria iliyotoka ilizigusa pande zote mbili, na hilo ndilo lililotuvutia. Kukata uzio kulifanywa kosa kubwa lenye kifungo cha mwaka mmoja hadi mitano. Kuzungushia ardhi ya umma au ya mwingine bila ruhusa nako kukawa kosa, na waliokwisha kufanya hivyo wakapewa miezi sita kuziondoa. Na anayepitisha uzio katika barabara ya umma akatakiwa aweke lango kila baada ya maili tatu, yaani takriban kilomita tano, na alitunze. Ni kweli kwamba adhabu ya mkataji ilikuwa nzito kuliko ya mnyang'anyi wa malisho, na katika hilo sisi hatuoni uadilifu. Lakini lango lilitajwa kwa sheria. Watu wale hawakuwahi kusikia habari za Hunayy, na ukame uliwafikisha karibu na alipofika Umar.

Turejee kwa mzee wetu. Safari hii tulikwenda. Tuliomba ruhusa ya meneja wa shamba, tukafuatana naye, mzee, wajumbe wawili wa serikali ya kijiji na wazee watatu wanaoijua ardhi ile tangu enzi za mkonge, tukaufuata mpaka kwa miguu kuanzia saa moja asubuhi. Karibu na mto tulikuta mawe mawili ya upimaji yamefunikwa na majani, yakiwa ndani ya uzio kwa hatua arobaini hivi. Uzio ulikuwa umevuka. Meneja alisema waliofunga nguzo walifuata mstari ulionyooka kwa kuwa kona hugharimu nguzo na waya zaidi. Tuliamini kwamba anasema kweli, na dhulma nyingi za ardhi hufanywa hivyo, na fundi anayetafuta mstari ulionyooka.

Kisha tulifika upande wa juu, na huko jiwe la mpaka lilionekana katikati ya zizi la mzee. Zizi lake lilikuwa limeingia shambani mwa jirani kwa hatua kumi. Mzee alisimama kimya kitambo kirefu, halafu akatuambia: "Shekhe, na hilo nalo liandike." Tukaliandika.

Kuhusu njia ya mtoni, meneja alikuwa na hoja, na si haki kuzificha. Ng'ombe wa nje huja na kupe, na kupe huleta ndigana kali. Ugonjwa wa midomo na miguu hauulizi hati ya nani. Madume ya kienyeji huwapanda mitamba aliowanunua kwa fedha nyingi. Na kila lango, alisema, ni mlango wa mwizi. Mzee naye akasema jambo moja tu, kwamba ng'ombe wanaotembea kilomita tisa kwenda na tisa kurudi hawana maziwa ya kuwapa watoto. Kwa hakika wote wawili walisema kweli. Mapatano yalichukua vikao vitatu: njia nyembamba yenye uzio pande zote mbili mpaka mtoni, ng'ombe wa kijiji wapite asubuhi tu na wawe wameogeshwa, lango liwe na kufuli mbili. Gharama ya nguzo akaitoa mwenye shamba, na kazi ya kuchimba mashimo wakaifanya vijana, akiwemo yule aliyelala mahabusu.

Vijana hao tuliwaambia pia kuhusu usiku. Katika Hadithi ya ngamia wa Baraa bin Azib, aliyeingia bustani ya watu na kuiharibu, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba wenye bustani wailinde mchana, na wenye mifugo wabebe dhamana ya kinachoharibiwa usiku. Ndivyo walivyosema Maimamu Malik, Shafi na Ahmad, kinyume na Abu Hanifa. Duniani watu hugombana daima ni nani anayepaswa kujenga uzio, mwenye mazao au mwenye mnyama. Hukumu hii imewagawia zamu. Basi mwenye kukata waya usiku ili mifugo ipite amejitwika madeni mawili, la waya na la majani.

Kwa walio na mgogoro kama huu nchini Tanzania, tunawasihi wasinyamaze. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kudai ardhi iliyoingiliwa. Ikipita, mlango wa mahakama hufungwa. Mafakihi wa dola ya Uthmaniya nao, katika Majalla yao ya karne ya 19, waliweka miaka 15 kwa madai mengi, ingawa walisema wazi kwamba haki yenyewe haifi kwa kupita kwa zama. Mbele ya kadhi muda huisha. Mbele ya Allah hauishi, na hilo ni la kumtisha aliyechukua zaidi kuliko la kumtuliza aliyechukuliwa.

Aidha, kila familia yenye malisho kijijini ifuatilie hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na akina mama waandikwe humo pamoja na waume zao. Mzee wetu hakuwa nayo. Alikuwa na minyaa ya baba yake na ushahidi wa wazee watatu, ambao mdogo wao ana miaka sabini na minne. Na ifahamike kwamba tangu mwaka 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu, haliamui. Wanaoshindwa kupatana huko huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Huko ndiko zilikopelekwa zile hatua arobaini, kwa sababu mwenye shamba alikubali njia lakini hakukubali kuusogeza uzio mpaka mpimaji wa serikali apime upya. Hajafika bado. Lango linafunguliwa kila asubuhi, ufunguo mmoja uko kwa meneja na mmoja kwa mzee. Zizi amekwisha kulihamisha.