Sura ya Sita: Kabla ya Kununua Kichujio

Muuzaji anafika na glasi mbili na kifaa chenye vyuma vinne. Glasi moja anaijaza maji ya bomba lako, ya pili anaijaza maji yaliyopita kwenye mashine yake. Anachomeka umeme, anatumbukiza vyuma, na haichukui muda maji ya bomba yanaanza kugeuka: yanakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, mwisho tope lenye mapovu juu. Maji yake yeye yametulia, meupe vilevile. "Mama, haya ndiyo unayowanywesha watoto?" Baada ya hapo ni wachache wasioulizia bei.

Tope lile halikuwamo ndani ya maji. Limetoka kwenye vyuma. Maji ya bomba yana madini yaliyoyeyuka, na madini hayo ndiyo yanayopitisha umeme. Umeme ukipita, chuma kinaliwa na kuachia kutu. Maji yaliyoondolewa madini hayapitishi umeme wa maana, basi chuma chake kinabaki salama. Mwombe atie chumvi kidogo kwenye glasi yake safi, kisha arudie. Kuna na kile kidude kidogo chenye tarakimu, kinachopima jumla ya madini yaliyoyeyuka. Hicho hakisemi uongo, ila kinajibu swali ambalo hukuuliza. Maji ya kijito kinachoteremka mlimani yanaweza kuonyesha tarakimu ndogo ya kupendeza huku yamebeba homa ya matumbo, na kisima kirefu chenye tarakimu kubwa kikawa hakina kijidudu hata kimoja.

Naanza na mchezo huu kwa sababu unaficha jambo ambalo sura nzima inalizungukia. Hakuna kichujio cha "maji machafu" tu. Kuna cha tope, kuna cha vijidudu, kuna cha harufu ya dawa, kuna cha chumvi, na kinachoweza kimoja mara nyingi hakiwezi kingine. Anayenunua kabla ya kujua maji yake yana nini anabahatisha, na bahati nasibu hii ni ya bei mbaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kaskazini mwa Tanzania. Miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru ina floraidi, na maji yanayopita humo huiyeyusha na kuondoka nayo. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi utotoni, wakati meno ya kudumu yangali yanajijenga ndani ya fizi, yanaota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Ikizidi sana kwa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa na kuipinda. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania yenyewe ilivumilia hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka kwenye 1.5, maana maeneo mengi ya ukanda ule yangekosa kabisa chanzo kinachoruhusiwa. Na chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana kabisa, hivyo kusema "maji ya kwa jirani yalipimwa" hakukusaidii.

Sasa angalia yanayotokea jikoni kwa mtu wa Arumeru, kwenye ukanda huo, mwenye nia njema. Anachemsha maji, kama alivyofundishwa kliniki. Vijidudu vinakufa, lakini floraidi haipai pamoja na mvuke; maji yakipungua sufuriani, iliyobaki inazidi kukolea. Anaongeza kichujio cha kauri. Kauri inazuia bakteria, floraidi inapita kana kwamba hakuna kitu. Anaweka kile cha mkaa wa kawaida. Harufu inaondoka, floraidi ipo palepale. Halafu anapikia maharage kwa magadi ili yaive upesi, na magadi ya ukanda huo nayo mara nyingi yana floraidi. Fedha imetumika mara tatu na meno ya mtoto hayajaambulia kitu.

Kinachofaa hapo ni mkaa wa mifupa, au mashine za utando mwembamba zinazosukuma maji kwa shinikizo. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa kuwa chenga, na maji yakipita taratibu katikati ya chenga hizo floraidi inanasa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na upande wa Kenya imetumika Nakuru. Ubaya wake ni kwamba mkaa ukishiba haukuambii. Maji yanaendelea kutoka meupe, matamu, na floraidi imo. Mtu asipopima mara kwa mara, au asipobadilisha mkaa kwa wakati uliopangwa, amebaki na pipa la mapambo.

Dakta Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Arusha, alilifikiria tatizo hili kwa kuanza na maji yenyewe. Kichujio chake kinaunganisha mchanga na vifaa vidogo mno vilivyotengenezwa maabara, na vifaa hivyo huchaguliwa kulingana na kilichomo kwenye maji ya mahali. Mwaka 2015 kilimpa tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kwangu mimi uzito wa kazi ile uko kwenye utaratibu wake: kwanza maji yanapimwa, ndipo kichujio kinapangwa.

Ukishuka Dar es Salaam, swali linabadilika. Nyumba nyingi zina maji ya aina mbili au tatu kwa wiki moja: ya bomba kutoka mitambo ya Mto Ruvu, ya kisima siku bomba likikauka, na ya boza kisima kikigoma. Ya bomba yametiwa dawa. Shida yake kwa kawaida ni safari, yaani mabomba yaliyopasuka na siku za mgao ambapo bomba tupu hufyonza uchafu wa nje. Ya kisima karibu na pwani yana chumvi, na chumvi haiondoki kwa kauri, kwa mkaa wala kwa moto. Kwenye mitaa iliyobanana, vyoo vya shimo vikiwa hatua chache kutoka kisimani, huongezeka naitreti, ambayo haina rangi wala harufu na haipungui kwa kuchemsha. Mtu mzima huenda asione lolote. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo anaweza kukosa hewa ya kutosha kwenye damu. Nyumba yenye mtoto kama huyo ina sababu nzito ya kupima kisima, kuliko nyumba inayokerwa na ladha tu.

Baada ya hapo kuna simtanki. Sijui kwa nini watu hutumia laki kadhaa kwenye kichujio kabla hawajapanda juu kutazama tangi lao. Mfuniko umepasuka, ndani kuna utelezi wa kijani, chini kuna tope la vidole viwili na mjusi mmoja. Halafu dumu, ndoo na kata inayochovywa na kila mkono. Mwaka 2004 mtafiti Jim Wright na wenzake walikusanya tafiti nyingi kutoka nchi zinazoendelea wakaona kwamba mara nyingi maji yanachafuka zaidi kati ya yanapotekwa na yanaponyweka. Ndoo yenye mfuniko na koki chini ni kifaa cha bei ndogo, na kwa familia nyingi za mjini kinafanya kazi kubwa kuliko mashine ya ukutani.

Tuseme umepima, na shida ni vijidudu. Kauri nzuri inazuia bakteria, kwa sababu matundu yake ni madogo kuliko wao. Virusi ni vidogo mno, vingi hupenya. Kuchemsha kunaua vyote, ila kunakula mkaa au gesi kila siku. Dawa ya klorini ni rahisi kuliko zote na inaendelea kulinda maji ndani ya ndoo, mradi maji yasiwe na tope. Taa ya mionzi nayo inataka maji meupe, na inataka umeme usikatike.

Shida ikiwa chumvi, floraidi au naitreti, mashine ya utando inaweza kuviondoa. Lakini mashine nyingi za nyumbani humwaga lita kadhaa ili zikupe lita moja, na kwa anayenunua maji kwa boza hesabu hiyo ifanywe kabla ya malipo. Usichuje maji ya kufulia. Familia ya watu sita inahitaji kama lita 15 za kunywa kwa siku; chuja hizo.

Kisha jiulize nani atakitunza. Kauri inataka kusuguliwa inapoziba, mkaa unataka kubadilishwa, vipuri vinataka duka lililo karibu. Mwaka 2012 watafiti Joe Brown na Thomas Clasen walipiga hesabu ya kinachotokea watu wakinywa maji yaliyotibiwa siku nyingi lakini si zote, wakaona kwamba kushuka kutoka asilimia 100 hadi 90 tu kunaweza kufuta karibu faida yote ya kiafya pale ambapo chanzo ni kichafu sana. Mtoto anayekunywa maji salama nyumbani na ya mtaroni njiani kwenda shule hajalindwa na mashine ya baba yake.

Kwa hiyo anayetumia maji ya bomba yaliyotiwa dawa, asiye na mgonjwa wala mtoto mchanga, namshauri aanze na tangi, ndoo ya koki na klorini, fedha nyingine akae nayo. Mwenye kisima apeleke chupa kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu naye, aombe wapime bakteria, chumvi, naitreti na, kama yuko ukanda wa volkano, floraidi. Akirudi dukani na karatasi ile mkononi, amuulize muuzaji maswali mawili: mashine hii inaondoa kipi kati ya hivi, na baada ya lita ngapi inaacha kukiondoa. Muuzaji akianza kutafuta glasi na vyuma vyake, aende duka linalofuata.